Shajara ya mradi: gitaa la kwanza la umeme kwa fedha kidogo

Ingizo la kwanza: lengo na fedha

Mradi ni wa kumpatia mwanafunzi anayeanza gitaa la umeme lililo tayari kupigwa. Mwanafunzi yuko Dar es Salaam, ana miaka 15, yumo kwenye kwaya na anataka kujifunza solo na ridhimu za dansi. Nyumbani hakuna ampli (kikuza sauti cha gitaa) wala kifaa kingine chochote cha gitaa, kwa hiyo bajeti lazima ibebe kila kitu hadi sauti itoke.

Fedha imegawanywa hivi: katika kila shilingi 100, 55 ni za gitaa, 25 za ampli, na 20 ni za nyuzi mpya, kebo, mkanda, mfuko na kazi ya kuliseti gitaa. Hizo 20 hazitaguswa. Ndizo watu wanazozimaliza dukani kwa kupanda hadi gitaa la bei ya juu kidogo, kisha gitaa linafika nyumbani na nyuzi zenye kutu, zimekaa juu mno, na mtoto anaacha kupiga kwa sababu vidole vinauma. Anayeanza hajui kama tatizo ni yeye au ni gitaa. Tunataka kumwondolea shaka hiyo mapema.

Ingizo la pili: gitaa la aina gani

Kwanza urefu wa uzi, yaani sehemu inayotetemeka kati ya kimfupa cha mifereji sita kichwani na daraja linaloshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa. Umbo la Stratocaster (Strat) la Fender, lililotoka mwaka 1954, lina mm 648. Les Paul ya Gibson ya 1952 na jamii yake ina takriban mm 628. Tofauti ni ndogo kwa macho, ila mkono unaihisi: kwa nyuzi zilezile, urefu mfupi unalegea zaidi na freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, zinakaribiana. Kwa mkono wa miaka 15 yote mawili yanafaa. Kwa mtoto wa miaka 8 au 9 kuna Squier Mini Stratocaster ya takriban mm 578, lakini atalizidi mapema.

Pikapu, yaani sumaku zenye waya chini ya nyuzi zinazogeuza mtetemo kuwa umeme, zilijadiliwa zaidi. Pikapu ya koili moja ina sauti kali na safi, ile inayosikika kwenye solo za dansi na rumba, na inavuma ikikaa karibu na taa za tyubu au waya za umeme. Hambaka ina koili mbili zilizopangwa ili mvumo wa moja uufute wa nyingine. Sauti yake ni nene na yenye nguvu zaidi. Tumeamua mpangilio wa HSS: hambaka moja karibu na daraja, koili moja mbili kuelekea shingoni. Kwaya ya leo inapiga kila kitu, kuanzia sebene hadi nyimbo za kuabudu zenye mlio mzito, na HSS inamudu yote bila kumfungia mtoto njia moja.

Daraja: tumelikataa kabisa daraja la kuelea lenye kufuli za nyuzi. Uzi mmoja ukikatika, sauti ya nyingine zote inapanda, na kubadilisha nyuzi kunahitaji ufunguo wa alenki na subira ambayo anayeanza hana. Daraja lisilosogea ndilo bora. Tremolo ya kawaida (daraja lenye mkono wa kuyumbisha sauti) yenye springi nyuma inakubalika, kwa kuwa inaweza kukazwa mpaka ilale juu ya ubao.

Anayepiga kwa mkono wa kushoto anunue la kushoto tangu mwanzo. Huyu ni wa kulia.

Ingizo la tatu: jipya au la mkono wa pili

Kwenye orodha ya magitaa mapya yalibaki haya: Yamaha Pacifica 012 na 112, Squier Sonic na Affinity, Epiphone Les Paul Special, na Ibanez GIO wa familia ya GRX. Squier ni chapa ya Fender, Epiphone ni ya Gibson, kwa hiyo maumbo yao ni ya asili, si ya kuiga. Kama fedha ya kununua jipya ingetosha bila kuigusa ile 20, tungechukua Pacifica 112: ubao wa alda, freti 22, urefu wa mm 648, mpangilio wa HSS. Toleo la 112V lina pia kitufe cha toni kinachovutwa juu ili hambaka ifanye kazi kama koili moja. 012 ina umbo hilohilo na mpangilio uleule wa pikapu, kwa ubao na vifaa vya bei ya chini.

Fedha haikutosha. Kwa hiyo tumekwenda mkono wa pili, na hapo jina lililoandikwa kichwani tumeliondoa kwenye hesabu. Stika hubandikwa. Gitaa lililoandikwa jina kubwa kwa bei ya kutupa ni la kukaguliwa mara mbili, na lilipiwe kwa hali yake tu.

Ingizo la nne: ukaguzi kabla ya kulipa

Hapa ndipo kazi ilipo, na haihitaji vifaa vingi: rula yenye milimita, kadi ya benki isiyopinda, simu yenye programu ya kutyuni (kuweka kila uzi kwenye sauti yake), kebo na ampli ndogo. Muuzaji asiyeruhusu gitaa lichomekwe hatununui kwake.

Tunaanza na shingo, kwa sababu ndiyo ghali kuliko sehemu zote kurekebisha. Gitaa linatyuniwa kwanza, kwani shingo isiyo na mvuto wa nyuzi haisemi ukweli. Uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, unabanwa kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya 17 kwa wakati mmoja. Kati ya freti ya 7 na ya 8 uzi unapaswa kuacha nafasi ya mm 0.2 hadi 0.3. Uzi ukigusa freti zote, shingo imepinda kinyume, kuelekea nyuma. Nafasi ikizidi mm 0.5, imepinda mbele. Hali zote mbili zinaweza kurekebishwa na trasi rodi, ile fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, mradi iwe inazunguka. Jaribu: ingiza ufunguo kwenye tundu lake na usogeze kidogo tu. Tundu lililolika, ambalo ufunguo unateleza ndani yake, ni sababu ya kurudisha gitaa mahali pake.

Shingo iliyojisokota haina dawa ya bei nafuu. Shika gitaa kama bunduki, tazama kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani, linganisha mstari wa freti za mwisho na za mwanzo. Zikiwa haziko sambamba, acha. Gitaa la kwanza tulilokataa lilikuwa zuri kwa rangi, pikapu safi, bei ya kuvutia, na shingo imejisokota upande wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote.

Kisha freti. Piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, bila ampli. Mlio wa kukwaruza una lugha yake. Ukisikika kwenye freti za 1 hadi 5 pekee, shingo imenyooka kupita kiasi. Ukisikika kuanzia ya 12 kwenda juu, nyuzi ziko chini mno. Ukisikika mahali pamoja tu, freti inayofuata imeinuka. Kadi ya benki inathibitisha: isimamishe kwa ukingo juu ya freti tatu zinazofuatana, kati ya nyuzi. Ikicheza kama bembea, ile ya katikati ni ndefu. Kwenye freti za mwanzo tumia upande mrefu wa kadi, kuanzia ya 8 hivi upande mfupi unatosha. Freti moja iliyoinuka si tatizo. Zikiwa nyingi, gharama ya fundi kuzisawazisha zote inaweza kukaribia bei ya gitaa.

Angalia pia mikwaruzo chini ya uzi wa kwanza na wa pili kwenye freti tatu za mwanzo. Kijimfereji kinachohisiwa na ukucha ni uchakavu wa kawaida. Kinachoshika ukucha ukakwama ni freti inayoisha. Pitisha kiganja kando ya shingo: vichwa vya freti vinavyochoma vinaonyesha kuwa mbao imesinyaa. Hilo hutokea kwa gitaa lililokaa mahali pakavu, Dodoma kwa mfano, na linaisha kwa faili laini na uvumilivu.

Umeme unafuata. Kila nafasi ya swichi itoe sauti. Zungusha vitufe vya sauti na toni. Vikikwaruza, mara nyingi dawa ya kusafishia vifaa vya umeme inatosha. Gonga kila pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi ya chuma: inayofanya kazi inajibu kwa mlio kwenye ampli. Tikisa kebo kwenye jeki, yaani tundu la kebo kwenye gitaa. Sauti ikikatika, waya umelegea, na hilo ni la kulehemu dakika chache.

Vikazio vya kichwani tulivikagua mwisho, makusudi. Gitaa lisilokaa kwenye tyuni hulaumiwa vikazio, kumbe mara nyingi tatizo ni mifereji ya kimfupa inayobana nyuzi, au nyuzi mpya ambazo hazijanyooka. Kikazio kibovu kweli ni kile kinachozunguka bila uzi kusogea, au chenye mhimili unaotikisika kwa kidole.

Gitaa lililochaguliwa: umbo la Strat, HSS, freti 22, halina jina linalojulikana. Shingo imenyooka, trasi rodi inazunguka. Kasoro zilizoandikwa: freti ya 9 imeinuka upande wa uzi wa kwanza, jeki imelegea, nyuzi zina kutu, kimo cha nyuzi ni kikubwa. Zote ni za kurekebishika, na zimesaidia kushusha bei.

Ingizo la tano: ampli, na kwa nini si sabufa

Swali la familia lilikuwa la haki: sabufa ipo sebuleni, ya nini kununua ampli? Pikapu ya gitaa inatoa umeme mdogo wenye ukinzani mkubwa, na inahitaji kuingia kwenye kifaa chenye ukinzani wa takriban megaomu 1. Ingizo la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu au deki, ukinzani wake ni wa chini sana. Matokeo: sauti ndogo, iliyofifia, isiyo na treble. Mtoto anaongeza sauti, sabufa inavuma, gitaa bado halisikiki. Pia spika ya sabufa haikutengenezwa kukata ukali wa juu kama spika ya gitaa inavyofanya, kwa hiyo ukipitisha mlio mkali wenye mkwaruzo unasikia kama nyuki.

Ampli ya wati 10 hadi 20 yenye spika ya inchi 8 inatosha nyumbani na mazoezi ya kwaya ndogo. Tumetafuta vitu vitatu tu: tundu la hedifoni, ingizo la kuchomeka simu ili apige pamoja na nyimbo, na vitufe tofauti vya besi na treble. Hedifoni si anasa. Katika nyumba za kupanga, ndiyo inayoamua kama atafanya mazoezi usiku au hatafanya. Fedha ikibana zaidi, ampli ndogo ya kuchomeka moja kwa moja kwenye gitaa na kusikiliza kwa hedifoni, kama Vox amPlug, inavusha miezi ya mwanzo.

Kabla ya kuchomeka ampli yoyote ya mkono wa pili, geuza usome nyuma. Tanzania umeme ni volti 230, Kenya 240, wote hezi 50. Ampli iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kuandikwa 120V, kutoka Japani 100V. Ukiichomeka ukutani hivyohivyo inaweza kuungua papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye ampli, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei. Pini ya ardhi kwenye plagi isikatwe kamwe ili kuondoa mvumo. Mpiga gitaa anayegusa nyuzi kwa mkono na maikrofoni kwa mdomo, huku ampli haina ardhi, yuko hatarini kweli. Kwenye kwaya hali hiyo iko kila Jumapili, kwa hiyo tumelieleza kwa mwanafunzi na kwa kiongozi wa vyombo.

Ingizo la sita: kuliseti

Nyuzi mpya kwanza, seti ya .009 hadi .042. Kwenye paketi inasomeka 9, 11, 16, 24, 32, 42, kwa elfu za inchi. Ni laini kwa vidole vipya. Angalizo la dukani: ziwe nyuzi za gitaa la umeme, za chuma na nikeli. Pikapu ni sumaku na waya, inasikia chuma tu. Nyuzi za nailoni hazitatoa sauti kabisa, na zile za shaba za gitaa kavu zitatoa sauti isiyolingana: nyembamba zinapiga kelele, nene zinafifia.

Kila uzi mwembamba umezungushwa mara mbili au tatu kwenye mhimili wa kikazio, ukishuka chini, kisha ukavutwa kwa mkono taratibu na kutyuniwa tena hadi ulipotulia. Uzi wa tatu ulikuwa unatoa mlio wa kukatika kichwani wakati wa kukaza, dalili ya mfereji unaobana. Penseli laini imesuguliwa ndani ya mifereji yote sita. Unga wake unalainisha na uzi unateleza. Kama isingetosha, mfereji ungepanuliwa kwa msasa mwembamba uliokunjwa, upande kwa upande, bila kushuka chini hata kidogo. Mfereji ukichimbwa sana, uzi mtupu unakwaruza kwenye freti ya 1 na kimfupa kinabidi kibadilishwe.

Tremolo imelazwa. Kifuniko cha nyuma kimefunguliwa, springi zimeongezwa kutoka 3 hadi 5, na skrubu mbili zinazoshika kikucha cha springi zimekazwa mpaka daraja likakaa bapa. Mkono wa tremolo umewekwa mfukoni, atautaka baadaye.

Mpindo wa shingo ulipimwa tena na nyuzi mpya: mm 0.5. Trasi rodi ilikazwa kwa ufunguo wa 4 mm, kuelekea upande wa saa, robo mzunguko. Gitaa likatyuniwa, likaachwa litulie, likapimwa. Robo nyingine, likafika mm 0.25. Usizidishe robo kwa mara moja. Mbao inahitaji muda, na fimbo iliyokatika ndani ya shingo haitolewi.

Freti ya 9: upande ulioinuka umegongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki, ukashuka, kisha tone la gundi kali limepitishwa pembeni kwa ncha ya kijiti na freti ikabanwa mpaka ikauke. Ubao ulizungushiwa utepe wa karatasi kwanza, kwa sababu gundi ikimwagika kwenye mbao haitoki vizuri. Kadi haichezi tena.

Kimo cha nyuzi kinapimwa kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Uzi wa sita ulikuwa mm 2.8, sasa 2.0. Uzi wa kwanza ulikuwa 2.3, sasa 1.6. Nyingine nne zinapanda taratibu kati ya hizo, kufuata mviringo wa ubao wa freti. Kushuka chini zaidi kunawezekana, lakini anayeanza anapiga kwa nguvu isiyolingana, na nyuzi za chini sana zitamkwaruzia kila noti.

Oktava, yaani kuhakikisha noti ziko sawa hadi juu ya shingo, ni baada ya hapo, kamwe si kabla, kwa sababu kila badiliko la kimo linaivuruga. Piga uzi kwa kuugusa tu juu ya freti ya 12 bila kuubana, kisha ubane hapohapo. Milio miwili ilingane. Uzi wa tatu uliobanwa ulikuwa juu kwa senti 12 (nusu toni ina senti 100), kwa hiyo kibebeo chake kwenye daraja kimerudishwa nyuma kwa kukaza skrubu yake. Ukikuta uliobanwa uko chini, kibebeo kinasogezwa mbele. Hii ndiyo sababu gitaa linaweza kuwa sawa kabisa kwenye kodi ya G (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) karibu na kichwa, halafu likapishana na kinanda pale solo inapopanda juu. Kwenye kwaya kasoro hiyo inasikika mara moja.

Pikapu, uzi ukiwa umebanwa freti ya mwisho: mm 2.5 chini ya uzi wa sita, 2.0 chini ya wa kwanza. Zile za koili moja zikisogezwa karibu zaidi, sumaku inavuta uzi na noti za juu zinayumba kana kwamba gitaa limetoka kwenye tyuni.

Jeki imekazwa kwa spana ya 13, huku sehemu ya ndani imeshikwa isizunguke. Ukikaza kutoka nje tu, jeki nzima inazunguka na waya wake unakatika.

Ingizo la saba: majaribio na kinachobaki

Kwenye ampli, mvumo mdogo unasikika kwenye pikapu za koili moja na unapungua mikono inapogusa nyuzi. Hiyo ni hali ya kawaida, na inaonyesha waya wa ardhi kwenye daraja umeunganishwa. Kama mvumo ungeongezeka kwa kugusa, tungerudi kwenye waya za jeki, maana huenda zimegeuzwa. Taa ya chumba na chaja ya simu viliongeza mvumo, vikizimwa, unatulia.

Kwa mlio wa dansi tumemwachia nafasi ya pikapu ya katikati pamoja na ya daraja, sauti safi, treble kiasi, besi imepunguzwa ili gitaa lisipigane na besi gita. Piki (kijibapa cha kupigia nyuzi) ya mm 0.7 imetosha kwa ridhimu na solo. Kebo ni ya mita 3. Ndefu zaidi inaanza kula ukali wa sauti na kukanyagwa.

Yaliyobaki ni machache. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, hivyo nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, chini na juu, na zibadilishwe zikianza kuwa na vidoa au zikikataa kutyunika. Mpindo wa shingo utapimwa tena mvua za masika zikianza, na tena kiangazi kikikolea, kwani mbao inavuta unyevu na kuutoa. Mwanafunzi ameonyeshwa kipimo cha freti ya 1 na ya 17 na anakifanya mwenyewe; trasi rodi haigusi bado. Ufunguo wa 4 mm, penseli na seti moja ya nyuzi za akiba ziko kwenye mfuko wa mbele wa begi la gitaa.